Mwamba wenye silika nyingi: unatoka wapi, na kwa nini mara unalipuka, mara unasukumwa nje taratibu? (uzi mrefu)

Mtafutamiamba (mwanzisha uzi)

Wakuu, watu wengi wakisikia volkano wanawaza ziwa la moto chini ya ardhi: linajaa, linafurika, basi. Kwa volkano za basalti (lava inayotiririka kirahisi) picha hiyo ina ukweli kidogo. Kwa miamba ninayoileta leo haifai kabisa, na nadhani ndiyo inayofanya watu waogope kisichotisha na wapuuze kinachotisha.

Naongelea rayolaiti, mwamba wa volkano wenye silika nyingi, na jamaa zake. Basalti ina silika (silikoni iliyoungana na oksijeni) kama 50% kwa uzito. Rayolaiti inavuka 70%, na zipo zinazofika 77%. Ndani ya magma (mwamba ulioyeyuka) kila atomu ya silikoni imezungukwa na oksijeni 4, na silika inapozidi, oksijeni hizo zinamilikiwa na silikoni mbili mbili, hadi unapatikana mtandao uliofungamana pande zote. Mtandao huo ndio unaoleta mnato, yaani uzito wa kutiririka. Halafu kuna joto: basalti hutoka ikiwa na nyuzi 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi, ilhali rayolaiti nyingi hutoka zikiwa kati ya 700 na 900. Lava ya rayolaiti ikishapoteza maji yake, mnato wake unaizidi basalti mara milioni na zaidi.

Ikitoka taratibu na kupoa bila kuunda fuwele, inakuwa obsidiani, kile kioo cheusi. Ikilipuka, povu lake linaganda kuwa pumisi, jiwe jepesi linaloelea majini. Majivu moto yakitambaa ardhini na kushikana yanakuwa ignimbraiti. Ikibaki chini na kupoa polepole, ni graniti. Kemia ni ile ile, ila kila moja imepita njia yake.

Naanza na asili, maana hapo wanajiolojia wamebishana karibu miaka 100.

Koti la dunia (miamba moto iliyo chini ya ganda) halitoi rayolaiti moja kwa moja. Likiyeyuka kidogo linatoa basalti. Kwa hiyo silika ile imekusanywa mahali fulani njiani. Norman Bowen, aliyefanya majaribio yake Washington na kutoa kitabu kikubwa mwaka 1928, alisema zinazoikusanya ni fuwele. Basalti inapopoa, fuwele za kwanza kuunda zina magnesiamu, chuma na kalisi kwa wingi na silika kidogo. Zikitengwa na kimiminika, kinachobaki kinazidi kuwa na silika. Endelea hivyo na mwishoni unapata rayolaiti, labda sehemu 1 kwa kila 10 za basalti uliyoanza nayo, au pungufu.

Wapinzani wake wakauliza: kama kila rayolaiti imeacha nyuma mara 9 ya ujazo wake, uko wapi mzigo huo wote? Na kimiminika chenye mnato wa namna ile kinajitengaje na fuwele? Wao wakasema ganda la dunia lenyewe linayeyuka. Basalti moto inapanda, inakwama ndani ya ganda, inayeyusha miamba iliyo jirani, na sehemu inayoyeyuka kwanza ndiyo yenye silika nyingi. Mwaka 1958 yalichapishwa majaribio ya Bowen huyo huyo na O. F. Tuttle, yaliyoonyesha kwamba mchanganyiko wa kwatzi na feldispa (madini makuu ya graniti), ukiwa na maji na shinikizo la kutosha, unaanza kuyeyuka chini ya nyuzi 700. Bila maji unahitaji zaidi ya 900. Kumbe ganda lenye unyevu halihitaji moto wa ajabu.

Naweka nukta hapa, maswali yaanze.

---

Kilimani77

Nipo siti ya mbele mkuu. Sasa nani alishinda? Maana zote mbili zinaingia akilini.

---

Mtafutamiamba

Mkuu Kilimani77, inategemea uko wapi duniani, na karibu kila mahali njia zote mbili zimo kwa vipimo tofauti. Uzuri wake ni kwamba leo hatubishani kwa hoja tupu. Isotopu (atomu za elementi moja zenye uzito tofauti) zinaongea.

Strontiamu ni mfano. Ganda la kale la bara limekusanya strontiamu 87 kwa muda mrefu, kwa kuwa rubidiamu iliyomo inaoza na kuizalisha. Rayolaiti iliyotokana na ganda hilo inabeba alama hiyo. Iliyotokana na basalti iliyopoa yenyewe haina.

Mimi hasa huvutiwa na oksijeni. Maji ya mvua na theluji yana oksijeni 18 kidogo. Yakizunguka moto ndani ya miamba kwa maelfu ya miaka, yanaiachia miamba hiyo alama yake. Sasa Yellowstone, Marekani, zipo rayolaiti zilizotoka baada ya ardhi kubomoka na kuacha kaldera (shimo kubwa) ambazo oksijeni 18 yake iko chini mno. Maelezo ni moja: mwamba uliolipuka zamani ulizama kaldera ilipoanguka, ukalowa maji moto, kisha ukayeyushwa upya na kutoka mara ya pili. Ndani ya zirkoni (fuwele ndogo ngumu) za lava hizo kuna viini vyenye umri mkubwa kuliko lava yenyewe. Volkano ile inakula mabaki yake.

Iceland nayo ilikuwa fumbo. Nchi iliyojengwa karibu yote kwa basalti ilitoa wapi milima ya rayolaiti kama ile ya Landmannalaugar? Kwa sehemu kubwa jibu ni ganda la basalti lililokwisha kulowa na kubadilishwa na maji moto, likazikwa chini ya lava mpya, likayeyuka kidogo.

---

Sauda_M

Kwa hiyo ile dhana ya "chemba ya magma" tuliyofundishwa shuleni, duara jekundu chini ya mlima, siyo kweli?

---

Mtafutamiamba

Dada Sauda, umegusa penyewe. Hii ndiyo sababu iliyonifanya nianzishe uzi.

Ile chemba iliyojaa kimiminika haikai hivyo muda mrefu. Sehemu kubwa ya maisha yake, mfumo wa rayolaiti ni fuwele zilizosongamana na kimiminika kidogo katikati yake, kama mchanga uliolowa maji. Fuwele zikizidi karibu nusu ya ujazo, zinagusana na kufungana, na mzigo wote haumwagiki tena. Lakini kimiminika kilicho katikati bado kinaweza kukamuliwa polepole na kupanda juu, kwa kuwa ni chepesi kuliko fuwele. Mwaka 2004 Olivier Bachmann na George Bergantz walilipanga wazo hili vizuri, na Wes Hildreth mwaka huo huo akafika karibu na hapo akitokea kwenye volkano ya Long Valley, California. Linajibu swali lile la wapinzani wa Bowen: fuwele hazihitaji kuzama kwenye kimiminika kizito, ni kimiminika kinachokamuliwa na kuziacha. Na mzigo uliobaki unaganda kuwa graniti na jamaa zake, ndiyo maana hatuuoni juu.

Ushahidi upo kwenye miamba yenyewe. Colorado kuna tabaka linaloitwa Fish Canyon Tuff, la miaka milioni 28 iliyopita, lililotoka kwenye kaldera ya La Garita. Ujazo wake ni kama kilomita za ujazo 5,000. Limejaa fuwele, karibu 45%, na ni lile lile mwanzo hadi mwisho. Nyingi ya fuwele hizo zimeliwa kingo, dalili kwamba mzigo uliokuwa umekaribia kuganda ulipashwa moto tena ukalegea. Hapo ule mchanga wenyewe ndio uliolipuka. California kuna Bishop Tuff, ya miaka kama 760,000 iliyopita, kilomita za ujazo 600 hivi, na sehemu yake ya kwanza kutoka ina fuwele chache sana. Hapo kilicholipuka ni kimiminika kilichokwisha kukamuliwa na kukusanyika juu.

Kwa hiyo "volkano ile ina magma kiasi gani?" haliniambii kitu. Nataka kujua ni kiasi gani kimeyeyuka, na kama kimekusanyika pamoja.

---

Baharia_wa_Bara

Mkuu, tuambie basi hiyo Yellowstone. Kila mwaka tunasikia imechelewa kulipuka na italipuka kesho.

---

Mtafutamiamba

Haijachelewa. Milipuko yake mikubwa ni mitatu: miaka kama milioni 2.1 iliyopita (karibu kilomita za ujazo 2,450), milioni 1.3 (kama 280), na 640,000 (kama 1,000). Kati ya wa kwanza na wa pili ni miaka 800,000, kati ya wa pili na wa tatu kama 660,000. Nafasi mbili hazitengenezi ratiba. Na watu husahau kwamba baada ya mlipuko wa tatu zimetoka lava nyingi za rayolaiti bila mlipuko mkubwa, ya mwisho ikiwa miaka 70,000 hivi iliyopita.

Mawimbi ya matetemeko yanapopita chini ya Yellowstone yanapungua kasi, na kutokana na hapo wataalamu wanakadiria kilichoyeyuka. Makadirio ya awali yalikuwa 5 hadi 15%. Utafiti wa mwaka 2022 uliongeza hadi 16 hadi 20%. Bado ni chini ya robo. Fuwele zimefungana.

Ila nisieleweke kwamba mfumo kama huo unahitaji miaka milioni kuamka. Fuwele za kwatzi na feldispa zina tabaka kama za shina la mti, na elementi kama titaniamu na bariamu husambaa polepole kutoka tabaka moja hadi jingine. Ukipima zimesambaa kiasi gani, unajua fuwele ilikaa kwenye joto lile muda gani. Saa hizo kwenye baadhi ya milipuko mikubwa zinasoma karne au miongo, siyo mamilioni ya miaka. Mfumo unaishi muda mrefu mno ukiwa umelala, kisha maandalizi ya mwisho ni mafupi. Mambo hayo mawili lazima yashikwe pamoja.

---

Jabali_La_Kusini

Nondo hizi. Sasa nini kinawasha? Na kwa nini isitoke tu taratibu kama lava nyingine?

---

Mtafutamiamba

Mara nyingi kinachowasha ni basalti mpya inayoingia kutoka chini. Askja, Iceland, mwezi Machi 1875, ni mfano unaotajwa tangu mwaka 1977, wakati Sparks, Sigurdsson na Wilson walipoonyesha kwamba basalti iliingia ndani ya rayolaiti, ikaichemsha, gesi zikatengana, mlipuko ukafuata. Pumisi yake ina mistari ya rangi mbili, magma mbili ambazo hazikupata muda wa kuchanganyika. Majivu yalifika Skandinavia.

Lakini basalti siyo lazima kila mara. Magma ikipoa na kuunda fuwele zisizo na maji, maji yote yanabanwa kwenye kimiminika kilichobaki mpaka yanashindwa kukaa humo. Shinikizo linapanda lenyewe.

Maji ndiyo moyo wa jambo. Rayolaiti ikiwa chini kilomita kadhaa huweza kushika 4 hadi 6% ya maji kwa uzito. Tunajua kwa sababu vitone vidogo vya magma vilinaswa ndani ya fuwele za kwatzi kabla ya mlipuko, na maji yake yanapimwa. Magma ikipanda, shinikizo linashuka, maji yanakuwa viputo. Kwenye basalti viputo vinapita na kutoroka. Kwenye rayolaiti vinanaswa, vinavimba, vinasukuma povu zima juu, na viputo vikifika kama robo tatu ya ujazo povu linapasuka vipande. Kuanzia hapo haitoki lava tena, inatoka gesi iliyobeba vumbi la kioo.

Magma inapopoteza maji, mtandao ule wa silika unajifunga tena, kwa hiyo mnato unaongezeka vibaya sana wakati ule ule gesi inapohitaji njia. Hapo ndipo hatima inapoamuliwa. Kama magma ina muda na nyufa za kutolea gesi kupitia kuta za mkondo, inafika juu ikiwa imechoka na inasukumwa nje kama obsidiani. Kama inapanda haraka kuliko gesi inavyotoroka, inalipuka. Magma ile ile, kutoka chemba ile ile.

---

Kilimani77

Tuliwahi kusoma kwamba kwanza inalipuka, gesi ikiisha ndiyo lava inakuja. Si ndivyo?

---

Mtafutamiamba

Ndivyo ilivyoandikwa kwa muda mrefu, na Chile iliharibu mpangilio huo mara mbili.

Chaitén ililipuka kuanzia 2 Mei 2008. Ilikuwa mara ya kwanza mlipuko mkubwa wa rayolaiti kufuatiliwa kwa vyombo vya kisasa. Ilidhaniwa imelala maelfu ya miaka, ingawa baadaye ilionekana ililipuka hata karne ya 17. Matetemeko ya kuhisiwa yalitangulia kwa kama siku moja tu. Jonathan Castro na Donald Dingwell walipochunguza fuwele walikuta magma ilipanda kutoka zaidi ya kilomita 5 kwa muda wa kama saa 4. Magma ya mnato ule, saa 4! Mji ulihamishwa, na siku chache baadaye matope ya majivu yakafuata mto na kuuzika sehemu kubwa.

Kisha Cordón Caulle, Juni 2011. Hapo lava ya obsidiani ilitambaa huku mdomo ule ule ukiendelea kurusha majivu kwa miezi. Milipuko na lava vilitoka pamoja, mlango mmoja. Tangu hapo wapo wanaosema kwamba obsidiani nyingi ni majivu yaliyoshikana upya ndani ya mkondo na kusukumwa nje yakiwa kioo kizima. Mimi naliona wazo hilo lina nguvu, kwa sababu vipande vya kioo vilivyoshikana vinaonekana kwa hadubini, ila mjadala bado ni moto. Na lava ile ilipotembelewa Januari 2013, miezi mingi baada ya mdomo kunyamaza, kingo zake zilikuwa bado zinasogea. Gamba la juu lilitunza joto.

---

Sauda_M

Na hiyo miaka milioni 28, miaka 760,000, wanaijuaje? Naomba nieleweshwe.

---

Mtafutamiamba

Swali zuri, na miamba hii ndiyo yenye jibu bora kuliko mingine yote. Ina feldispa yenye potasiamu nyingi, na potasiamu 40 inaoza kuwa arigoni. Mlipuko unafungua saa: arigoni ya zamani inatoka, kisha inaanza kujikusanya upya. Pia ina zirkoni, yenye uraniamu inayooza kuwa risasi. Feldispa ya Fish Canyon ile ile niliyoitaja ndiyo maabara nyingi duniani zinaitumia kama kipimo cha kulinganishia.

Ndiyo maana historia ya binadamu imening'inia kwenye majivu ya rayolaiti. Koobi Fora, kando ya Ziwa Turkana, kuna tabaka la KBS. Vipimo vya kwanza vililipa miaka milioni 2.6, na fuvu maarufu la binadamu wa kale namba 1470, lililopatikana 1972 chini ya tabaka hilo, likaonekana la kale kupita kiasi. Ubishi ulidumu miaka mingi. Waliolinganisha mabaki ya nguruwe wa kale na yale ya bonde la Omo, Ethiopia, walisema umri haukubaliki, na mwishowe vipimo vipya vya pumisi vikawapa haki: karibu milioni 1.9. Nawaheshimu sana wale wa nguruwe.

Mwaka 2022 ikaja nyingine. Mabaki ya Omo I, mtu wa kisasa kutoka Omo Kibish, Ethiopia, yalikuwa yakihesabiwa miaka 197,000 hivi. Majivu yaliyo juu yake yalikuwa laini mno kupimwa, hayana fuwele za kutosha. Wakafananisha kemia ya kioo chake na mlipuko wa volkano ya Shala, mamia ya kilomita mbali, na huko pumisi yenye fuwele ilipimika: miaka kama 233,000. Mabaki yako chini ya majivu, kwa hiyo hayawezi kuwa na umri mdogo kuliko hapo, ukiacha kosa la kipimo.

Toba nayo, Indonesia, miaka 74,000 iliyopita. Vipande vyake vya kioo vilipatikana kwenye tope la chini ya Ziwa Malawi, zaidi ya kilomita 7,000 kutoka kwenye kaldera, na matokeo yakachapishwa 2013. Tope lile halikuonyesha baridi kali iliyotabiriwa kwa Afrika Mashariki. Wazo kwamba Toba nusura imalize binadamu wote limedhoofika sana tangu hapo.

---

Jabali_La_Kusini

Umetaja Shala, basi Bonde la Ufa lina rayolaiti pia? Nilidhani ni basalti tupu.

---

Mtafutamiamba

Lina nyingi, na za aina yake. Olkaria na Eburru karibu na Naivasha, Aluto na Corbetti kule Ethiopia. Hizi zina sodiamu na potasiamu kuliko aluminiamu inavyoweza kushikilia, na ziada hiyo inakata mtandao wa silika, kwa hiyo mnato wake ni mdogo kuliko rayolaiti za kawaida. Huku hoja ya Bowen inapata nguvu zaidi: nyingi zinaelezeka kwa basalti kupoa na kuacha fuwele, ganda likichangia kidogo, ingawa kwa Olkaria wapo wanaotetea kuyeyuka kwa ganda. Obsidiani ya Naivasha ilibebwa na watu wa kale mamia ya kilomita kwa ajili ya kutengenezea visu, na kila chanzo kina kemia yake, kwa hiyo safari zao zinafuatilika.

---

Baharia_wa_Bara

Kuna aliyewahi kuiona magma hiyo ikiwa bado chini, au yote ni hesabu za mawimbi?

---

Mtafutamiamba

Ipo. Mwaka 2009 huko Krafla, Iceland, walikuwa wakichimba kisima cha jotoardhi kilichopangwa kufika kilomita 4.5. Kwenye kilomita 2.1 keekee ikakwama, na kilichopanda na maji ya kuchimbia kilikuwa vipande vya kioo kibichi cha rayolaiti. Walikuwa wametoboa magma yenye nyuzi 900 hivi. Hakuna kipimo cha juu ya ardhi kilichokuwa kimeionyesha pale, na hilo linanisumbua kuliko habari zote za Yellowstone: chini ya eneo lililochunguzwa kiasi kile, magma yenye silika ilikuwa imekaa bila kuonekana. Haikulipuka, iliganda kuzunguka chuma. Kisima kiliachwa kitoe mvuke, ukafika nyuzi 450 mdomoni.

Sasa kuna mradi wa Krafla Magma Testbed, wenye lengo la kurudi kuichimba magma ile kwa makusudi na kuweka vipimo ndani au kando yake. Wakifanikiwa, tutaweza kulinganisha kile mawimbi yanachosema na kile kilichopo kweli, na makadirio ya sehemu nyingine yatasahihishwa kuanzia hapo.